HISTORIA YA KUNASA SAUTI NA MAANA YAKE KWETU SISI WAKIMBIZI



Katika toleo hili la kumbukumbu wenzetu wameandika juu ya shule, maji, zahanati na posho. Sisi tumeona tuandike juu ya kitu kidogo ambacho wengi tunacho mfukoni, au tumekitupa ndani ya sanduku kwa kuwa kimezeeka: ile simu ya batani yenye kinasa sauti. Simu hiyo haina picha nzuri wala intaneti ya maana. Lakini ndani yake, katika nyumba nyingi za kambi yetu, zimo sauti za wazee ambao hatunao tena. Kwa hiyo inafaa tujue kazi hii ya kunasa sauti ilitoka wapi, ilitufikiaje, na tufanye nini ili sauti hizo zisipotee.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliondoka kwetu bila daftari. Oktoba 1996 vita vilipoanza Kivu ya Kusini, watu wa Uvira, Fizi na Baraka walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti kuja Kigoma, na mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Wengine waliongezeka baada ya vita vya Agosti 1998. Ndugu zetu wa Burundi walikwisha kukimbia mwaka 1972, wakakimbia tena Oktoba 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, na tena mwaka 2015. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na nguo. Picha za ukoo, vyeti na barua hubaki nyuma. Kinachovuka naye bila mzigo ni maneno yaliyomo kichwani mwake. Maneno hayo ndiyo daftari letu.

KUNASA SAUTI KULIANZAJE

Mtu wa kwanza kunasa sauti ya binadamu na kuisikia tena ni Mmarekani Thomas Edison, mwaka 1877. Alizungushia mtungi karatasi nyembamba ya bati, akasema mbele ya sindano, na sindano ikachora mitetemo ya sauti juu ya bati. Alipourudisha mtungi mwanzo, sindano ilipita katika mfereji uleule na maneno yakasikika. Kutoka hapo zilikuja mashine za nta, na baadaye santuri.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kinasa sauti cha sumaku tangu mwanzo kilikuwa ndugu wa simu. Mwaka 1898 fundi wa Denmark, Valdemar Poulsen, aliunda mashine iliyoandika sauti kwa sumaku juu ya waya wa chuma. Shabaha yake ilikuwa kuhifadhi maneno ya mtu aliyepiga simu bila kumkuta mwenyewe. Mwaka 1900 aliionyesha mashine hiyo katika maonyesho makubwa ya Paris, na Kaizari Franz Joseph wa Austria akasema maneno machache ndani yake. Hiyo ndiyo sauti ya zamani kuliko zote za sumaku ambazo zipo hadi sasa. Basi tusishangae leo kuona simu na kinasa sauti vimo katika kifaa kimoja. Vilizaliwa pamoja, vikatengana karibu miaka mia, kisha vikakutana tena.

Tuangalie pia ni nani waliokuwa na haki ya kuhifadhiwa sauti. Mwanzoni walikuwa wafalme, waimbaji maarufu na wataalamu. Mwanasikitu hakuulizwa. Alipoulizwa, mara nyingi ilikuwa kwa faida ya mwingine.

SAUTI ZA WATU WA KAMBI NYINGINE

Ipo historia moja ambayo kila mkimbizi anapaswa kuijua. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1915 na 1918, wataalamu wa Ujerumani waliingia katika kambi za wafungwa wa vita wakiwa na mashine za kunasa sauti. Kambini mlikuwa na askari kutoka India, Afrika na nchi nyingi, waliokamatwa wakipigana upande wa Uingereza na Ufaransa. Kazi hiyo iliongozwa na Wilhelm Doegen. Zilitengenezwa santuri 1,650 hivi, katika lugha na lahaja karibu 250. Zimehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin.

Wafungwa wengi walipewa maneno ya kusoma, mara nyingi mfano wa mwana mpotevu kutoka katika Injili, kwa sababu wataalamu walitaka kujua matamshi tu. Lakini wengine waliteleza wakasema yao. Mwaka 1916, katika kambi ya Wünsdorf karibu na Berlin, askari wa Punjab aitwaye Mall Singh alipewa nafasi ya dakika moja na kidogo. Hakusema “mimi”. Alisimulia habari za mtu fulani aliyekuwa akila siagi kwao India, akaja vitani, na sasa anatamani kurudi. Akarudi kwao atakula siagi tena, na akikaa hapo atakufa. Wataalamu walipata matamshi waliyoyataka. Mtu yule alipata dakika moja ya kulia kwa watu wa kwao, ambao hawakuwapo kumsikia.

Sisi tunaokaa kambini tunayaelewa maneno hayo bila mkalimani. Na tunajifunza jambo moja: sauti ikinaswa na mgeni, ikapelekwa mbali na mgeni, mwenye sauti hubaki mikono mitupu hata kama sauti yenyewe imehifadhiwa vizuri.

Hata kwetu yalitokea yanayofanana na hayo, ingawa kwa nia njema zaidi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alisafiri Kongo na Rwanda akinasa nyimbo na ngoma kwa mitambo mizito na jenereta, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini. Mwanahistoria Mbelgiji Jan Vansina alikusanya masimulizi ya wazee wa Kongo, Rwanda na Burundi, na mwaka 1961 akatoa kitabu kilichowaonyesha wasomi kwamba masimulizi ya mdomo, yakichunguzwa vizuri, ni historia kamili kama ile ya maandishi. Tunawashukuru. Hata hivyo wajukuu wa wale waliosimulia, wakitaka kusikia sauti za babu zao, wanapaswa kuzitafuta mbali.

KANDA ZA SALAMU

Mambo yalibadilika mwaka 1963, kampuni ya Philips ilipoleta kaseti ndogo. Kaseti ya dakika 60 ilichukua dakika 30 kila upande, ikakaa katika mfuko wa shati, na mtu asiyejua kusoma aliweza kuitumia. Hapo ndipo kunasa sauti kulipoanza kuwa mali ya kila mtu.

Wenye umri wanakumbuka kanda za salamu. Barua ilihitaji mwandishi upande huu na msomaji upande ule, na siri za nyumba zikapita midomoni mwa watu wawili. Kanda haikuhitaji hao. Mama alikaa mbele ya redio kaseti, akawasalimu watoto wake mmoja mmoja kwa majina, jogoo akawika nyuma yake, na huko ilikofika watu walitambua hata huyo jogoo kuwa ni wa nyumbani. Tulianika betri juani zipate nguvu kidogo. Tulirudisha utepe nyuma kwa kalamu ya Bic ili tusimalize betri hizo. Kwaya zetu nazo ziliimba mbele ya mashine moja, na kanda zikazunguka kutoka kijiji hadi kijiji.

Kwa habari za waliopotea tulitegemea karatasi za Msalaba Mwekundu, ambazo zilipitisha habari za familia tu. Tulitegemea pia redio. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Watoto wengi walitengana na wazazi wao njiani. Mwaka huohuo BBC ilianza matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyopewa jina la Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Mwaka 1995 shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera huko Ngara. Kwizera maana yake ni kutumaini.

Lakini tusidanganyane kwamba sauti ni njema siku zote. Redio RTLM, iliyoanza Kigali Julai 1993, ilitumia sauti kuchochea mauaji ya kimbari ya Watutsi mwaka 1994. Watangazaji walidhani maneno ni upepo. Kumbe kulikuwa na watu waliokuwa wakiyanasa kwenye kanda. Kanda hizo zilipelekwa Arusha katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, na tarehe 3 Desemba 2003 waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura walitiwa hatiani. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo vyao, lakini hukumu za hatia hazikufutwa zote. Hivyo kaseti ileile iliyobeba salamu za mama ilibeba pia ushahidi wa damu. Ndiyo sababu tunasema kunasa sauti ni jambo zito.

SIMU YA BATANI INAPOINGIA

Simu za mkononi za kwanza tulizoziona kambini hazikuwa na kinasa sauti. Zilipiga, zikapokea, zikamulika kwa tochi. Baadaye zilikuja zile zenye menyu ndefu, na ndani ya menyu neno la kunasa sauti. Wengi walilipita bila kulifungua. Vijana ndio walioligundua, wakalitumia kwanza kwa mizaha, halafu kwa kunasa kwaya, halafu kwa kunasa wazee.

Tueleze kwa ufupi jinsi linavyofanya kazi, maana ukielewa chombo utakitumia vizuri. Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme. Simu huupima umeme huo mara 8,000 kwa kila sekunde, kisha hukata sauti vipande vidogo, vipande 50 kwa sekunde. Haihifadhi kila kitu kilichomo katika kipande. Huhifadhi maelezo mafupi ya jinsi koo na mdomo vilivyotoa sauti, na wakati wa kusikiliza huitengeneza sauti upya kwa kufuata maelezo hayo. Utaratibu huu huitwa AMR, nao ulikubaliwa mwaka 1999 kwa ajili ya mazungumzo ya simu.

Hapo tunapata majibu ya maswali mawili ambayo watu huuliza. La kwanza: kwa nini mzee akisimulia anasikika vizuri, lakini ngoma na kwaya zinakwaruza? Ni kwa sababu utaratibu huo uliundwa kwa ajili ya mtu mmoja anayezungumza. Kwa kwaya, kaseti ya zamani ilikuwa bora. La pili: kwa nini faili ni dogo sana? Ni kwa sababu maelezo ni mafupi kuliko sauti yenyewe. Katika ubora wake wa juu, AMR hutumia baiti 1,600 kwa sekunde, yaani kilobaiti 96 kwa dakika. Saa nzima ya masimulizi haifiki megabaiti 6. Kadi ndogo ya gigabaiti moja, iliyo nyembamba kama ukucha, inaweza kubeba zaidi ya saa 170. Mzee akisimulia saa moja kila jioni, kadi hiyo itamtosha karibu miezi sita. Kwa kaseti za dakika 60 ungehitaji zaidi ya kaseti 170, na nani kati yetu ana nyumba ya kuziweka?

JINSI YA KUNASA VIZURI KWA SIMU YA ZAMANI

Kwanza, jaza chaji. Betri ikizimika kabla hujabonyeza kusimamisha, simu nyingi za aina hii hupoteza maneno yote.

Pili, angalia muda. Simu nyingine hukata zenyewe baada ya dakika moja, nyingine huendelea mpaka nafasi iishe. Ingia katika mpangilio wa kinasa sauti uchague muda mrefu ikiwezekana, na uchague kuhifadhi katika kadi badala ya simu.

Tatu, zuia simu kuita. Simu ikiingia, kunasa husimama. Kama simu yako inakubali kufanya kazi bila laini, toa laini.

Nne, kaa mahali patulivu, mbali na kinu cha kusaga na paa la bati wakati wa mvua. Tundu la maikrofoni liko chini ya batani. Usilizibe kwa kiganja. Weka simu juu ya kitambaa, umbali wa shubiri moja au mbili kutoka mdomoni.

Tano, anza kwa kusema wewe mwenyewe: leo ni tarehe fulani, tuko mahali fulani, anayezungumza ni fulani mwana wa fulani, kwa lugha fulani. Usiitegemee tarehe ya simu. Simu nyingi za zamani zikitolewa betri husahau tarehe, na faili huandikwa mwaka ambao haukuwa.

Sita, uliza swali moja kisha nyamaza. Mzee ana mwendo wake. Kimya chake nacho ni sehemu ya habari.

Saba, toa nakala siku ileile. Tuma kwa Bluetooth kwenye simu ya pili, au ingiza kadi katika kompyuta. Faili la AMR likikataa kufunguka katika simu mpya, wanaojua kompyuta wanaweza kuligeuza liwe MP3, lakini lile la kwanza lisifutwe. Simu hufa, kadi huungua, nyumba za majani hushika moto. Sauti iliyo mahali pamoja tu ni kama mtoto mmoja wa mama mgonjwa.

TUNASE NINI

Wengine husema: wazee wanasimulia hadithi tu, zina faida gani? Tunajibu kwa mambo matatu.

Kuna lugha. Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa. Wanasema Kiswahili kizuri, lakini Kibembe, Kifuliiru na lugha nyingine za kwetu wanazisikia nusunusu. Hadithi, vitendawili na majina ya miti visiponaswa sasa, vitakwisha pamoja na wanaovijua.

Kuna ukoo. Mtu asiyejua babu yake aliitwa nani na alitoka mlima gani hupata shida siku ya kuoa, siku ya msiba na siku ya kurudi.

Kuna ardhi. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliporudi baada ya miaka mingi, wengi walikuta mashamba yao yana watu, na serikali ya huko ikaunda tume ya ardhi mwaka 2006 kushughulikia mashauri hayo. Sauti ya mzee si hati ya shamba, na hatutaki mtu adanganyike kuhusu hilo. Lakini mzee anayetaja kijito, mti wa mpaka na majina ya majirani wa pande nne anampa mwanawe mahali pa kuanzia. Bila hayo kijana atafika kwao kama mgeni anayeuliza njia.

HAKI YA MWENYE SAUTI

Tunawaomba vijana: msinase mtu kwa siri. Kuna mambo yaliyowapata watu wetu njiani ambayo wenyewe wameamua kuyanyamazia, na kunyamaza ni haki yao. Mwulize mzee kabla, mwambie nani atasikia, na akimaliza msikilizishe. Akisema futa, futa. Maneno ya mtu aliyekimbia vita yakifika mikononi mwa adui yake yanaweza kumletea madhara yeye au ndugu waliobaki nyumbani.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tunasema kwa heshima: mnapokuja kutunasa kwa ajili ya taarifa zenu, tunawakaribisha. Tuombeni ruhusa kwa lugha tunayoielewa, na kabla ya kuondoka tuachieni nakala. Ni kazi ya dakika chache. Wataalamu wa mwaka 1916 wangeweza kusema kwamba santuri ya pili ilikuwa ghali na njia ya kwenda Punjab ilikuwa imefungwa na vita. Leo sababu hizo hazipo.

Kambi hufunguliwa na hufungwa. Lugufu ilifunguliwa mwaka 1997, ikafungwa mwaka 2009, na wenzetu wa huko wakahamia hapa Nyarugusu. Siku ya kuhama watu walibeba mabati, milango na mbuzi. Waliozikwa Lugufu walibaki Lugufu. Siku moja na sisi tutahama, ama kurudi, ama kwenda nchi ya tatu, na mizigo yetu itapimwa kwa kilo. Kadi yenye sauti za wazee wote wa kijiji haina uzito ambao mizani inaweza kuuonyesha.

Basi kabla hamjauza simu ya zamani kwa bei ya sabuni, ifungueni kwanza msikilize mna nani ndani. Na kama mna mzee nyumbani ambaye bado anazungumza, jioni ya leo ni siku nzuri ya kumwomba ruhusa.

Ni sisi wenu,
Kamati ya Jamii